Huyu Anaitwa Nani?



Mwaka jana, mwezi wa Agosti, tulipokwisha kuanika mpunga na kuutia ghalani, nilifunga safari kutoka Mkula kwenda Nairobi kumwona binti yangu aliyeolewa huko. Kwa wale wasiopajua, Mkula ni kijiji kilichoko kando ya barabara ya Ifakara, ukishapita Kidatu na kabla hujafika Mang'ula. Nyuma ya nyumba zetu iko milima ya Udzungwa, na mbele yetu ni miwa mpaka macho yachoke. Safari ya kutoka hapo hadi Nairobi yataka mtu mwenye magoti mazuri, na mimi magoti yangu niliyaacha ubaoni, kwa maana nimefundisha historia katika shule ya msingi miaka thelathini na mmoja, nikiwa nimesimama. Basi nilifika miguu imevimba, binti akanikanda kwa maji ya moto, na siku ya tatu mkwe wangu akaniambia, "Baba, kesho nitakupeleka makumbusho. Mwalimu wa historia hawezi kuja Nairobi akaonyeshwa maduka."

Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yako juu ya kilima. Jengo lilifunguliwa pale mwaka 1930, likaitwa Makumbusho ya Coryndon, jina la aliyekuwa gavana. Baada ya uhuru likawa la taifa. Mwaka 2005 lilifungwa kwa matengenezo makubwa, likafunguliwa tena mwaka 2008. Uani utamkuta tembo Ahmed. Si tembo wa kweli, ni sanamu, lakini imefanywa kwa kimo chake hasa, na pembe zake ndefu zinakaribia kugusa chini. Tembo huyu aliishi katika mlima wa Marsabit. Mwaka 1970 Mzee Jomo Kenyatta alitoa amri ya kumlinda kwa jina lake, kwamba yeye Ahmed asiguswe na mtu, akawekewa walinzi mpaka alipojifia mwenyewe mwaka 1974. Watoto wa shule walikuwa wamemzunguka, na kila mmoja alikuwa akiita, "Ahmed! Ahmed!" Nawaomba mkumbuke jambo hilo, nitalirudia.

Mkwe wangu alitaka kunionyesha mafuvu na mifupa ya watu wa kale, ambayo kwa kweli ndiyo fahari ya mahali pale. Tulikwenda, tukayaona. Lakini nilichotaka kuwaeleza leo nilikikuta katika ukumbi mwingine, wa picha za kuchora, na huko nilikaa karibu saa mbili, hata mkwe wangu akaenda kunywa chai akarudi akanikuta papo hapo.

Picha zile zilichorwa na mama mmoja wa Kizungu aitwaye Joy Adamson. Wengi wenu mnalifahamu jina hilo kwa ajili ya simba, na kwa simba nitafika. Alizaliwa mwaka 1910 katika mji wa Troppau, ambao siku zile ulikuwa katika milki ya Austria na leo uko katika nchi ya Cheki. Wazazi wake walimpa jina la Friederike Victoria. Alifika Kenya mwaka 1937. Mume wake wa pili, Peter Bally, Mswisi aliyekuwa mtaalamu wa mimea, ndiye aliyeanza kumwita Joy, yaani Furaha, na jina hilo likamganda hadi kufa. Alianza kwa kuchora maua na majani kwa ajili ya vitabu vya mimea, na kwa kazi hiyo alipata nishani ya dhahabu huko Uingereza. Baadaye aliolewa na George Adamson, bwana nyama wa mikoa ya kaskazini. Mwaka 1949 serikali ya kikoloni ya Kenya ilimpa kazi ya kuchora watu wa makabila ya nchi ile wakiwa katika mavazi na mapambo yao ya jadi, kabla mambo hayo hayajapotea. Kwa muda wa miaka sita hivi alizunguka, kutoka pwani hadi ziwani na hadi jangwani, akakamilisha picha zaidi ya mia tano. Nyingine zilipelekwa Ikulu, nyingi zikahifadhiwa makumbusho, na mwaka 1967 akazitolea kitabu.

Sasa mtu asije akadhani nimekuja hapa kumtukana mama huyu. La hasha. Mimi si mchoraji, lakini nimeona picha za kutosha kujua iliyochorwa na mtu mvivu na iliyochorwa na mtu aliyetazama. Huyu alitazama. Rangi anazotumia ni rangi za maji, ambazo, kama alivyowahi kunieleza mwalimu mwenzangu wa sanaa, hazisamehe: ukikosea, karatasi inakushitaki. Na bado ameuchora ushanga mmoja mmoja. Kuna mzee wa Kiturkana, nywele zake zimekandikwa udongo zikashikana kama kofia, na ukikaribia unaona mahali ambapo udongo umeanza kupasuka. Kuna mwanamke wa Kigiriama amevaa hando, ile sketi nyeupe ya marinda mengi, na marinda yale unaweza kuyahesabu. Kuna kijana aliyepakwa chokaa usoni kwa ajili ya ngoma ya jando, na chini ya chokaa unaona jasho. Mambo haya siku zile yalikuwa yameanza kuachwa. Ukiwauliza leo wajukuu wa watu wale bibi zao walikuwa wakifunga vipi ushanga wa harusi, wengine itawabidi waende pale ukumbini wakatazame. Hiyo ni kazi kubwa, na aliyeifanya anastahili kushukuriwa.

Nilikuwa nimesimama mbele ya mzee mmoja aliyevaa ngozi ya mbega. Nilivutwa naye kwa sababu mbega kwetu ni jirani. Asubuhi wanalia mlimani kabla ya jogoo. Watoto wale niliowaacha kwa Ahmed wakaingia na mwalimu wao, msichana mdogo wa umri wa binti yangu. Mtoto mmoja wa kiume, mwenye kaptura iliyomzidi, akasimama karibu yangu, akamtazama yule mzee, akauliza, "Mwalimu, huyu ni nani?"

Mwalimu akainama, akasoma, akataja kabila.

Mtoto akasema, "Ndiyo. Lakini anaitwa nani?"

Mwalimu akasoma tena, kisha akanitazama mimi, kama ambaye huenda nikamsaidia kwa kuwa nina mvi. Nami sikuwa na la kusema. Akamshika mtoto bega, wakaendelea mbele.

Ndugu msikilizaji, tangu hapo sikuziona tena picha zile kama nilivyokuwa nikiziona. Nilirudi mwanzo wa ukumbi, nikaanza upya, safari hii nikitafuta majina ya watu. Nikasoma: kabila fulani, vazi fulani, mzee, kijana, bibi harusi, mganga. Kwa hakika huo haukuwa usahaulifu wa mama yule. Ndivyo kazi yenyewe ilivyoagizwa. Serikali haikumwambia akachore watu. Ilimwambia akachore makabila. Mtu alitakiwa akae kitini ili ushanga upate shingo ya kukaa.

Na serikali ile haikuwa na shida ya majina. Sisi tuliosomesha historia tunajua habari ya kipande. Tangu mwaka 1920 hivi, kila mwanamume Mwafrika wa Kenya aliyefikia umri wa kufanya kazi alitakiwa kuwa na karatasi yenye jina lake, alama za vidole vyake na jina la bwana wake, na wengi walitembea nayo shingoni ndani ya kikopo cha bati. Kwa hiyo wengi wa wale wazee waliokaa mbele ya brashi ya Bi Joy walikuwa wamekwisha kuandikwa majina, mara moja kwa kodi na mara nyingine kwa kipande. Kisha tazama miaka yenyewe. Amri ya hali ya hatari ilitangazwa Oktoba 20, 1952. Wakati Wakikuyu kwa maelfu wanapangwa mistari na kutiwa kambini, serikali hiyo hiyo ilikuwa ikimlipa mchoraji aende akachore hereni za Kikuyu zisije zikapotea. Nilisimama mbele ya hereni zile. Ni nzuri sana.

Haya, sasa simba. Mwaka 1956 George Adamson alimpiga risasi simba jike, akakuta kumbe ana watoto watatu. Wawili walipelekwa katika bustani ya wanyama huko Rotterdam, na mmoja akabaki. Huyo aliyebaki aliitwa Elsa. Mwaka 1960 Bi Joy akaandika kitabu juu yake, kikasomwa dunia nzima, na mwaka 1966 ikatoka sinema. Elsa alipozaa, watoto wake nao walipewa majina: Jespah, Gopa, na wa tatu Elsa Mdogo. Baadaye alikuwapo duma, akaitwa Pippa, na chui, akaitwa Penny. Elsa alikufa mwaka 1961 na ana kaburi lake huko Meru. Bi Joy mwenyewe alipouawa huko Shaba mwezi Januari mwaka 1980, majivu yake yalipelekwa kwenye makaburi ya wanyama wake aliowapenda.

Mnaona ninakokwenda. Mkono ni ule ule mmoja. Simba ana jina, watoto wa simba wana majina, duma ana jina, tembo pale uani ana jina na amri ya Rais. Mzee wa ngozi ya mbega ana kabila.

Mkwe wangu, tulipokuwa katika matatu tukirudi, aliniambia, "Baba, umenyamaza sana." Nikamwambia ni miguu. Haikuwa miguu.

Bibi yangu, mzaa mama, alikuwa mtu wa bonde hili la Kilombero, Mndamba wa kando ya maji, aliyejua kutega samaki kuliko babu. Tulipokuwa wadogo alitusimulia habari ya Mzungu mmoja aliyefika kijijini kwao, mama yangu akiwa bado mwali, akiwa na kamera yenye miguu mitatu. Ilikuwa alasiri. Mzungu aliona kinu, akamwona bibi, akamwambia kwa njia ya mkalimani akatwange. Bibi akamwambia mpunga umekwisha kutwangwa asubuhi. Mkalimani akamjibu kwamba haidhuru, twanga tu. Kisha Mzungu akaona gauni alilovaa bibi halimpendezi. Lilikuwa gauni jipya la maua, alilonunuliwa Ifakara baada ya kuuza mpunga, na bibi alikuwa amelivaa makusudi kwa sababu alisikia mgeni anakuja. Akaambiwa avue, ajifunge kaniki. Basi bibi akaenda ndani akavua gauni lake, akajifunga kaniki ya kuazima, akatoka akatwanga kinu kitupu. Alikuwa akifika hapo anacheka, na sisi tunacheka. Mchi unagonga mti mtupu, ko, ko, ko, majirani wanatazama.

Ila kuna mahali katika hadithi ile alikuwa hacheki. Alipomaliza aliuliza, je, ataletewa picha? Mzungu akatikisa kichwa kwamba ndiyo. Bibi akangoja. Mama aliniambia kwamba kwa miaka kadhaa kila motokaa iliyosimama kijijini, bibi alikuwa akitoka nje kuuliza. Mgeni yule alikuwa nani, wa misheni, wa serikali, au mpita njia tu, nyumbani hakuna aliyejua; na yeye naye, nadhani, hakumwuliza bibi jina lake. Bibi alikufa mwaka 1983. Hatuna picha yake hata moja. Binti yangu wa Nairobi ndiye amerithi jina lake, na kwa ajili hiyo mimi humwamkia binti yangu "Bibi" na yeye huniita "mjukuu wangu" tunapotaniana. Lakini akiniuliza, kama alivyoniuliza usiku ule tukila, "Hivi huyo bibi niliyepewa jina lake alikuwa anafananaje?" namwambia alikuwa mwembamba, alikuwa na mwanya. Basi. Zaidi ya hapo siwezi. Na mahali fulani Ulaya, katika kabati au katika kitabu, bibi yangu anatwanga kinu kitupu hadi leo, na anayemwona anajua kwamba hivi ndivyo wanawake wa bonde hilo wanavyotwanga mpunga.

Wale wa ukumbini wana sura na hawana majina. Bibi ana jina na hana sura. Usiku ule nilikuwa nikiwaza: ingekuwa nafuu ipi?

Katika kuwaza huko nilikumbuka jambo nililolisoma zamani nikitayarisha masomo. Uingereza, wakati wa Malkia Victoria, mwaka 1856, walianzisha jumba zima la picha za sura za watu mashuhuri wa taifa lao, na liko London hata sasa. Humo imo picha ya Richard Burton, yule msafiri aliyepita kaskazini ya kwetu mwaka 1857 kutoka pwani hadi Ujiji, kisha akaandika juu ya babu zetu maneno ambayo sitayarudia watoto wakiwa macho. Mchoraji wake ni Frederic Leighton, mmoja wa wachoraji wakubwa wa enzi ile, aliyekuja kuwa mkuu wa chuo chao cha kifalme cha sanaa. Alimchora Burton miaka ya 1870, akiwa na kovu lake shavuni, kovu la mkuki aliochomwa Berbera mwaka 1855. Inasimuliwa kwamba Burton, ingawa alikuwa mtu wa kutisha, pale kitini alikuwa akimsihi Leighton asimchore akawa na sura mbaya, na kwamba alinung'unika kwa ajili ya tai yake.

Sikilizeni hapo. Mtu anayechorwa ananung'unikia tai yake! Ana la kusema. Mchoraji anamsikiliza, na hata asipomtii amemsikia. Bibi yangu alivuliwa gauni.

Na aliyemwongoza Burton katika nchi hii? Alikuwapo Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyetekwa utumwani akiwa mtoto, akapelekwa India, akarudi huru. Alikwenda na Burton na Speke hadi Ziwa Tanganyika, akaenda na Speke na Grant hadi Nile, akawa na Stanley mwaka 1871 alipokuwa akimtafuta Livingstone, kisha akavuka bara zima na Cameron. Nchi hizi alizijua kuliko mabwana zake wote. Jumuiya ya Kifalme ya Jiografia ya London ilimpa medali ya fedha, na ilifanya vyema. Kwa Leighton hakukaa kitini.

Nilirudi Mkula mwishoni mwa Agosti. Basi liliponishusha ilikuwa jioni, na mlimani nikasikia kelele za nyani wetu. Nacheka ninapolikumbuka hili. Katika msitu wa Udzungwa yuko mnyama wa jamii ya nyani ambaye wataalamu walimtambua mwaka 1979, na dunia ya sayansi inamwita kwa jina la Sanje, kijiji cha jirani zetu hapo. Watalii wanapanda mlima kumtazama. Jirani zangu wa Sanje wanatembelewa kwa jina la nyani!

Kesho yake nilitoa bati langu la picha. Kila nyumba ina bati la namna hiyo, la biskuti au la chai, lenye picha na vyeti vya ubatizo na risiti za pembejeo. Nikachukua kalamu, nikakusudia kuandika nyuma ya kila picha majina ya watu waliomo. Niliona ni kazi ya asubuhi moja. Imenichukua miezi.

Ipo moja ambayo ndiyo imenikwamisha. Ni ya marehemu baba, imepigwa Mang'ula mwaka 1971, wakati reli ya TAZARA inapita kwetu kwenda Mlimba. Wachina walikuwa na kambi kubwa na karakana pale Mang'ula, na vijana wa vijiji vyetu waliandikwa kazi kwa mamia. Katika picha wamo vijana wanane wamesimama mbele ya reli zilizopangwa, na Mchina mmoja katikati, mfupi, mwenye kofia, ambaye ni yeye peke yake anayetabasamu. Nyuma ya picha baba aliandika kwa mkono wake: "Mimi na wenzangu na Mchina."

Ndugu msikilizaji, nilikaa na picha ile mapajani kwa muda mrefu. Baba yangu alikuwa mtu mwema. Mchina huyo alimfundisha kuchomelea chuma, na kwa kazi hiyo ya kuchomelea tulisoma sisi watoto sita. Alimtaja maisha yake yote: Mchina alikuwa akisema hivi, Mchina alikuwa akila vile. Nami katika miaka yote ile, mwalimu wa historia, sikuwahi kumwuliza kama mtoto wa kaptura alivyouliza. Gongo la Mboto, Dar es Salaam, yako makaburi ya Wachina waliokufa wakati wa ujenzi wa reli ile, na majina yao yamechongwa juu ya mawe. Wa kwetu alirudi kwao, nadhani, akaishi, akapata wajukuu. Katika bati letu ana kabila.

Nilimpelekea picha mzee mmoja wa hapa kijijini, ambaye mwaka huo 1971 alikuwa katika kambi hiyo hiyo. Macho yake yana ukungu, ikabidi mjukuu wake aikuze picha kwa simu, sura moja moja, na mzee akazitazama akiwa ameisogeza simu puani. Alimtambua baba mara moja, wa tatu kutoka kushoto. Akatambua wengine wanne, na nimekwisha kuwaandika na vijiji vyao. Wa sita akamkumbuka kwa jina la utani tu, "Saa Mbovu", kwa sababu alikuwa na saa ya mkononi isiyotembea na kila siku aliulizwa wakati. Nimeandika hivyo hivyo kwa penseli. Juu ya Mchina aliniambia, "Alikuwa na jina, mwanangu. Jina fupi. Baba yako alikuwa akilitamka vizuri, sisi tulikuwa tukimcheka." Akajaribu mara mbili tatu, ulimi ukakataa.

Wamebaki wawili. Mmoja yuko mwisho kabisa upande wa kulia, ameshika koleo, amevaa shati lisilo na kifungo cha juu, na mkono wake wa kushoto hauonekani. Mwingine ni wa pili kutoka kushoto, kijana mrefu mwenye kofia ya pama, amekunja mikono, naye ameinua kidevu kama anayemwambia mpiga picha, haya, piga. Mzee anafikiri huyu alikuwa mtu wa Malinyi, aliyekuja na mdogo wake, na kwamba alipenda kuimba usiku. Kama kuna msikilizaji wa Malinyi, Itete, Mlimba, au popote lilipo bonde hili, ambaye baba yake au babu yake alikuwa Mang'ula mwaka ule na alikuwa na kofia ya pama, naomba apite Mkula. Akishuka kwenye basi aulize nyumba ya mwalimu mstaafu, ataonyeshwa. Picha ipo, nyuma nimemwachia nafasi, na yeye nitampa nakala aende nayo.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.